Ukimfuata Simba wa sinema, uliza mvua kwanza

Likizo ya shule inapokaribia, watoto wa mjini huwa na maombi yao. Wa jirani ataomba kupelekwa Mombasa, wako atataka kwenda mashambani kwa nyanya. Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, aliniletea ombi ambalo sikulitarajia: "Mjomba, nipeleke nikaone jabali la Simba."

Alikuwa na maana ya The Lion King, ile filamu ya kuchorwa ya kampuni ya Disney iliyotolewa mwaka wa 1994 na kutengenezwa upya mwaka wa 2019. Alikuwa amesikia shuleni kwamba jabali alipoinuliwa mwana-simba mbele ya wanyama wote liko katika mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha.

Nilimweleza kwamba jabali lile ni la kalamu na rangi, hawezi kulipanda. Hata hivyo, hakuwa amekosea kabisa. Kabla ya kuichora filamu hiyo, wachoraji wake walisafiri hadi Kenya kutazama nchi na wanyama, na Hell's Gate ni mojawapo ya mahali walipofika. Isitoshe, sehemu ya Tomb Raider ya mwaka wa 2003, ambamo Angelina Jolie anahangaika kutafuta sanduku la Pandora, ilipigwa papo hapo katika magenge hayo.

Basi tukafunga safari. Kutoka Nairobi hadi Naivasha ni mwendo wa kilomita 90 hivi. Kutoka mjini Naivasha tulipanda matatu ya kupita kusini mwa ziwa, tukashuka penye njia panda ya kwenda lango la Elsa, ambapo vijana hukodisha baiskeli. Raha ya Hell's Gate ni kwamba, tofauti na mbuga nyingi, hapa unaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli ukiwa katikati ya punda milia, swara na ngiri. Ila nyati pia wapo, kwa hivyo usiiache barabara ukakimbilia vichakani kupiga picha.

Hatua chache kutoka langoni utaona mnara wa mawe umesimama peke yake, pimbi wakiota jua juu yake. Unaitwa mnara wa Fischer, kwa jina la Mjerumani aliyepita hapo mwaka wa 1883. Lakini Wamaasai wana kisa chao. Husimulia kwamba huyo ni binti aliyekuwa akipelekwa kuolewa, akaonywa asigeuke kutazama kwao. Aligeuka, na papo hapo akawa jiwe. Mpwa wangu aliuzunguka mnara ule mara mbili, akakiri kwamba hicho nacho kingefaa kuwa sinema.

Shabaha yake hasa ilikuwa korongo la Ol Njorowa. Unakumbuka, msomaji, mahali Mufasa anapofia, nyumbu wakimiminika baina ya kuta za mawe? Hayo ndiyo aliyotaka kuyaona. Tulipofika kwenye mteremko wa kuingilia, kiongozi wetu, mzee wa makamo, alisimama akatazama milimani kwa muda. Kisha akatikisa kichwa. "Leo hatuteremki."

"Lakini mzee, hapa jua linawaka!" kijana akalalamika.

"Hapa, ndiyo. Tazama kule," akajibu, akielekeza fimbo yake kwenye wingu jeusi lililotanda mbali juu ya vilima. "Nyumbu wa hapa ni maji, mwanangu. Huwasikii mpaka wamefika."

Kijana alinuna. Nami, nisikufiche, nilikereka, maana nilikuwa nimelipa. Lakini nilikumbuka mambo mawili ambayo gazeti lolote la nchi hii liliyaandika. Mnamo Aprili 2012, vijana saba waliokuwa katika matembezi ya kanisa walisombwa na maji katika korongo hilo wakafa. Septemba 2019 mafuriko yalirudi, na watu saba wengine wakapoteza maisha, mmoja wao akiwa kiongozi wa watalii. Huyo hakuwa mgeni wa mahali hapo.

Ni vyema uelewe kinachotokea. Korongo lile lilichongwa na maji tangu enzi za kale. Kuna mahali ni jembamba hata ukinyosha mikono utagusa kuta zote mbili. Mvua ikinyesha vilimani, maji hukusanyika kutoka kila upande na kuingia humo kwa pamoja. Wewe uliye chini unaona anga ya buluu na mchanga mkavu. Maji yakifika, njia ya kupanda iko mbali, na ukuta hauna pa kushika. Mwenye kamera huchagua siku na saa, akakata na kuunga atakavyo, lakini mlima hauungwi namna hiyo.

Jambo hili si la Kenya pekee. Huko New Zealand, filamu tatu za The Lord of the Rings, zilizotolewa kati ya mwaka wa 2001 na 2003, ziliufanya mlima Ngauruhoe kuwa mlima wa moto wa kutisha. Tangu hapo mashabiki humiminika katika mbuga ya Tongariro kutembea njia ya milimani ya karibu kilomita 20. Wako wanaokuja na viatu vyepesi kana kwamba wanakwenda sokoni, hali hewa hubadilika huko kwa saa moja tu. Kwa Wamaori, vilele hivyo ni vitakatifu. Chifu wao, Te Heuheu Tukino wa Nne, alivikabidhi kwa taifa mwaka wa 1887 ili vihifadhiwe, na wageni huombwa wasipande hadi kileleni. Sinema ilipakuta mahali pakiwa na wenyewe.

Kwa hivyo, mzazi, usimnyime mtoto safari ya aina hii. Mtazame filamu pamoja, kisha nendeni. Lakini ukifika langoni uliza kwanza iwapo korongo liko wazi, maana liliwahi kufungwa baada ya maafa. Usiingie bila kiongozi. Uliza kama mvua imenyesha vilimani, si hapo mlipo. Vaeni viatu vyenye kushika mwamba, bebeni maji ya kunywa, na anzeni asubuhi. Na kiongozi akisema hapana, usimwongezee pesa ili aseme ndiyo.

Tukiwa njiani kurudi, mpwa wangu aliuliza: "Mjomba, na kama mvua haikunyesha?" Kwa kweli, hatukusikia kwamba maji yalipita siku hiyo. Nilimwambia kwamba basi tumepoteza nauli, na korongo litakuwapo likizo ijayo. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama yule binti wa jiwe alikuwa na jina.

Sikuwa na jibu. Tutakaporudi tutamuuliza yule mzee.