Kontena linaonekana Kampala, mwenye mzigo Mbale yuko gizani

UKISIMAMA kando ya daraja jipya la Mto Nile mjini Jinja, lile lililofunguliwa Oktoba 2018, huhitaji takwimu kujua Uganda inapumulia wapi. Malori ya makontena kutoka Mombasa hupita usiku na mchana. Ubavuni mwa kila kontena kuna herufi nne na tarakimu saba, na hicho ndicho kitambulisho chake duniani kote, kuanzia Shanghai hadi Kilindini.

Wengi wetu huziona namba hizo kama urembo tu. Mimi nilijifunza thamani yake kwa kulipa.

Pamoja na ndugu zangu wawili tuna duka la vipuri vya magari mjini Mbale. Tuliagiza kontena moja la futi 20. Niliingiza namba yake kwenye tovuti ya kampuni ya meli, nikaona meli imefika, kontena limeshushwa, kisha limetoka getini Mombasa. Baada ya hapo, kimya. Wakala wetu wa forodha alijibu kila simu kwa maneno matatu: "Mtandao uko chini." Lori lilipofika tulishusha mzigo siku hiyo hiyo, lakini tozo ya kuchelewesha kontena ilikuwa imeshaanza kuhesabiwa. Tuliuliza lori lilikuwa wapi siku zote hizo. Hakuna aliyetujibu, na tukalipa.

Kisa chetu ni kidogo, lakini kinatuonyesha jambo kubwa kuhusu biashara ya ukanda huu.

Tusiwe wachoyo wa sifa. Kazi imefanyika. Bandari ya Mombasa ilianza kuendesha shughuli za makontena kwa mfumo wa kompyuta wa KWATOS mwaka 2008. Mwaka 2014 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutekeleza Himaya Moja ya Forodha, ambapo mzigo wa Uganda hulipiwa ushuru kabla haujaondoka bandarini. Mwaka 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zilizindua mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo. Lori hufungwa kufuli la kielektroniki linalowasiliana na vituo vya ulinzi. Likifunguliwa njiani au lori likiacha njia, kengele hulia. Mwaka uliofuata kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa Busia. Viongozi walijivunia kwamba safari ya Mombasa hadi Kampala, iliyokuwa ikichukua siku 18, imeshuka hadi siku nne hivi.

Sasa tujiulize, mifumo hiyo ilijengwa imwone nani? Kufuli la kielektroniki lilibuniwa kwanza kulinda mapato ya serikali, mzigo usije ukauzwa njiani bila ushuru. Tovuti ya kampuni ya meli inalinda mali ya kampuni, yaani kontena lenyewe. Inajua lilipotoka getini na litakaporudi tupu. Katikati, kwenye zaidi ya kilometa 900 kati ya Mombasa na Malaba, mwenye mzigo ndiye asiyeona. Na hata pale anaporuhusiwa kuuliza, mfanyabiashara mdogo wa Mbale au Jinja hana skrini hiyo. Anayo simu ya wakala.

Hapo ndipo pesa inapopotea. Kila kampuni ya meli hutoa siku kadhaa za bure. Zikipita, mwagizaji hulipa kwa kila siku mpaka kontena tupu lirudishwe, mara nyingi Mombasa. Siku hizo haziulizi sababu. Januari 2022 malori yalipanga foleni ya makumi ya kilometa kuelekea Malaba kwa sababu ya mvutano wa kupima madereva Covid-19. Mwagizaji hakuusababisha mvutano ule, lakini saa ya kampuni za meli haikusimama. Asiye na ushahidi wa lori lilikuwa wapi hawezi hata kubishana.

Wapo wanaodhani dawa ni kununua kompyuta bora zaidi. Sidhani. Mwaka 2018 Maersk, miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za meli duniani, na IBM ya Marekani zilianzisha TradeLens, mtandao uliokusudiwa kuwaunganisha wote: bandari, forodha, meli na wenye mizigo. Teknolojia yake ilikuwa ya kisasa na fedha hazikuwa haba. Novemba 2022 walitangaza kuufunga, kwa maelezo kwamba ushirikiano wa sekta nzima haukupatikana. Kompyuta zinaunganishwa kwa waya, lakini watu huunganishwa kwa kuaminiana. Anayeshika habari hapendi kuigawa, kwa sababu habari ni pesa.

Na hili halituhusu sisi waagizaji tu. Panda milima ya Elgon juu ya Mbale, kwa wakulima wa kahawa ya Bugisu. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya, mnunuzi mkubwa wa kahawa ya Uganda, ulipitisha sheria inayotaka kahawa iambatane na taarifa za mahali shamba lilipo, kuthibitisha kwamba haikutoka kwenye msitu uliokatwa baada ya mwaka 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini mwelekeo haujabadilika. Kontena la kahawa lisilo na taarifa litakuwa kama msafiri asiye na pasipoti.

Mamlaka ya Kahawa ya Uganda ilianza kuwaandikisha wakulima, na mwishoni mwa 2024 sheria ikaiunganisha na Wizara ya Kilimo. Swali langu ni lile lile la vipuri. Taarifa za shamba zitashikwa na nani? Zikibaki kwa mnunuzi mmoja, mkulima hataweza kumhama hata akipunjwa bei, maana pasipoti yake imo kwenye droo ya mwingine.

Napendekeza mambo matatu, na hakuna linalohitaji muujiza. Kwanza, mwenye mzigo atumiwe ujumbe wa simu pale kontena linapotoka bandarini, linapovuka Malaba na linapofika. Simu tunazo, na tumezoea kutumiana pesa kwa hizo hizo. Pili, kumbukumbu za kufuli la kielektroniki zikubalike kuwa ushahidi wa kusimamisha tozo pale ucheleweshaji unapotokana na foleni au amri ya serikali. Tatu, kila mkulima na chama chake cha ushirika wapewe nakala ya taarifa za shamba, waende nazo kwa mnunuzi yeyote.

Serikali imeshajua kontena liko wapi. Kampuni ya meli inajua siku zimebaki ngapi. Anayelipa bili ndiye anayeambiwa mtandao uko chini. Mpaka yeye naye aone, muungano huu tunaousifu utabaki wa wakubwa, na bili itaendelea kutumwa Mbale.