Kofia ya Jino Yataka Kichwa cha Kuvalia

Mpenzi msomaji, hebu jifikirie umeketi barazani Mji wa Kale, jioni ya Jumamosi, kashata mkononi na kahawa tungu kikombeni. Watafuna mara ya kwanza, mara ya pili, mara wasikia "kak!" Wapapasa kwa ulimi: lile gego lililozibwa miaka mingi iliyopita limevunjika, na upande mmoja umekatika hadi chini ya ufizi.

Jumatatu wakimbilia kwa daktari wa meno. Ulidhani atalivalisha kofia, ambayo wengine huiita krauni, nawe urudi kazini. Badala yake akwambia kwamba kabla ya kofia itabidi apasue ufizi na kupunguza mfupa kidogo. Moyo wakuruka. Kilichovunjika ni jino, ufizi nao umekosa nini? Ukifika nyumbani kila mtu ana lake. Shangazi asema ling'olewe yaishe. Jirani asema hizo ni njama za kuongeza bili.

Juma hili tutazame jambo hili kwa utulivu, maana jino la utu uzima likishang'olewa halioti tena.

KWA NINI UFIZI?

Kofia haining'inii hewani. Hushika jino lililobaki kama kofia ya kawaida ishikavyo kichwa. Ikiwa jino limekatika sawasawa na ufizi, kofia hukosa pa kushika. Siku moja utaikuta ndani ya tonge la pilau, pengine pamoja na kipande cha jino. Ndiyo sababu matabibu hupenda wapate kama milimita 2 za jino gumu, lisilooza, kuzunguka pande zote.

Yamkini utauliza: basi si kofia ishindiliwe tu chini ya ufizi? La hasha! Ufizi haukuliegemea jino tu, bali umeshikamana nalo, na mshikamano huo ndio mlango unaozuia vijidudu visiufikie mfupa. Mwaka 1961 watafiti watatu wa Marekani, Gargiulo, Wentz na Orban, walichapisha vipimo vya mshikamano huo, wakaona wastani wake ni kama milimita 2. Ukingo wa kofia ukiingia humo, ufizi waweza kuvimba, kuwa mwekundu na kutoka damu kila upigapo mswaki, na mfupa kuliwa polepole. Kwa hiyo daktari hutaka apate takriban milimita 3 kutoka mfupani hadi ukingo wa kofia. Pasipokuwa na nafasi hiyo, huitengeneza kwa upasuaji.

Fundi azijuaye nyumba za mawe za Mji wa Kale atakuelewa upesi. Chokaa kipya hakipakwi juu ya ukuta uliolika kwa chumvi. Kwanza hukwangua hadi alifikie jiwe zima. Daktari naye alitafuta jino zima.

SIKU YENYEWE

Aghalabu hutalazwa. Utapigwa sindano ya ganzi na utakuwa macho. Utahisi kusukumwa na kusikia mashine, lakini hupaswi kuhisi maumivu. Ukiyahisi, inua mkono ili ganzi iongezwe. Daktari huchana ufizi, akaufunua kama jalada la daftari, akapunguza mfupa kidogo kulizunguka jino, kisha akaurudisha ufizi karibu zaidi na mzizi na kuushona. Jino halikurefushwa, limefunuliwa tu.

Kabla ya siku hiyo mweleze daktari dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu isigande. Usiziache kwa shauri lako mwenyewe. Mweleze pia kama una ugonjwa wa sukari au wa moyo, kama ni mja mzito, au kama kuna dawa inayokudhuru. Sukari isiyodhibitiwa huchelewesha kidonda kupona. Na kama Ramadhani iko mlangoni, sema mapema. Mara nyingi upasuaji huu si wa dharura, na daktari aweza kuliziba jino kwa muda hadi Idi ipite.

UKIRUDI NYUMBANI

Damu ikichuruzika, uma kitambaa safi cha hospitali kwa dakika 20 bila kukifungua fungua. Siku ya kwanza weka barafu iliyofungwa kitambaani juu ya shavu, usisukutue kwa nguvu, na kahawa ya moto ingoje. Kula vyakula laini: uji uliopoa, ndizi, wali bokoboko. Viazi karai vya pilipili, achari na mabuyu vitakuwapo juma lijalo.

Baada ya saa 24 sukutua taratibu kwa maji vuguvugu ya chumvi, au dawa uliyopewa. Meno mengine yapige mswaki kama kawaida, ila mahali penye nyuzi pasiguswe hadi uruhusiwe. Usitie karafuu iliyosagwa wala dawa ya kienyeji juu ya kidonda. Sigara, miraa na tambuu uviweke kando, kwani moshi huchelewesha kupona, na kutafuna huvuta nyuzi.

Uvimbe wa siku mbili tatu ni jambo la kawaida. Lakini damu ikikataa kukoma, uvimbe ukizidi baada ya siku ya tatu, ukipata homa au ukashindwa kumeza, rudi kwa daktari siku hiyo hiyo.

Nyuzi hutolewa baada ya siku 7 hadi 14. Kofia yenyewe husubiri. Kwa magego, kawaida ni kama majuma 6 hadi 8. Kwa meno ya mbele yanayoonekana ukicheka, huenda ikawa miezi 3 au zaidi, kwa sababu ufizi huendelea kusogea. Kwa muda huo utavaa kofia ya muda. Usimharakishe daktari kwa kuwa harusi ya binamu iko karibu.

SI KILA JINO LAFAA

Hapa ndipo shangazi aweza kuwa na haki. Jino lililopasuka hadi mzizini, lenye mizizi mifupi, au lililokwisha kupoteza mfupa mwingi, huenda lisistahili gharama hii. Vilevile, kupunguza mfupa hugusa meno jirani, na kwaweza kufunua panda ya mizizi ya gego. Jino la mbele laweza kuonekana refu kuliko wenzake. Wakati mwingine jino huvutwa nje polepole kwa waya badala ya kukatwa mfupa. Wakati mwingine kuling'oa ndiyo busara, kisha ukazungumza juu ya jino la bandia.

Basi kabla ya kukubali, muulize daktari maswali manne, naye akuonyeshe picha ya eksirei. Limebaki jino gumu kiasi gani? Mzizi wataka kutibiwa kwanza? Meno jirani yatadhurika? Na gharama yote, kuanzia upasuaji hadi kofia, ni shilingi ngapi? Tena hakikisha amesajiliwa na KMPDC, baraza linalosimamia madaktari na madaktari wa meno nchini. Ukiwa na shaka, tafuta maoni ya pili, kwa mfano katika idara ya meno ya hospitali kuu ya Pwani, ile ambayo wengi twaiita Makadara.

Kwa hiyo, msomaji, daktari akikutajia ufizi kabla ya kofia, usimkimbie wala usikubali kwa kuitikia kichwa tu. Muulize. Lakini jihadhari na yule atakayekuvalisha kofia siku hiyo hiyo juu ya kigutu kilichozama ufizini. Huyo kakuokolea majuma machache, na huenda akakupotezea jino.

Tuonane Jumapili ijayo, inshallah. Na kashata, ivunje kwa mkono kwanza.