Picha Njema Hupimwaje?

Katika maduka ya vinyago, Nairobi hata Namanga, ipo picha moja isiyokosekana: Mmasai mrefu, mkuki mkononi, jua jekundu likizama nyuma yake. Aliyeichora mara ya kwanza labda alimwona mtu huyo. Aliyeichora mara ya mia aliiona picha tu. Si haki kumlaumu upesi, maana karo ya watoto hailipwi kwa sifa. Lakini kazi kununuliwa ni jambo moja, na kazi kuwa njema ni jambo jingine.

Bwana Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu mwaka 1932 na kusomea Makerere, alilishika neno hili kwa nguvu. Kwake yeye, mwenye kuiga hukilaza usingizi kipawa alichopewa na Mungu. Alipochora maisha ya Yesu ukutani mwa kanisa la Murang'a, katika miaka ya 1950, hakutafuta vilima vya Italia. Aliweka nchi ya Wakikuyu na watu wake. Mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa, Nairobi.

Hapo mwenyeji wa Kajiado aweza kuuliza: Je, na shanga? Mama wa Kimasai hufuata mpango wa rangi aliourithi kwa mama yake. Tena Wakaputiei wa Kitengela na Isinya hawapangi sawa na Wamatapato walio upande wa Namanga. Basi naye ni mwigaji? La, hasha! Mpango humwambia rangi gani ikae karibu na ipi; haumwambii safu aikate wapi, wala kila fungu liwe na upana gani. Hayo huyaamua kwa jicho lake, na wenzake walioketi naye humkosoa papo hapo. Hao ndio waamuzi wa kweli, nao hawaulizi bei kwanza.

Wala ugeni wa kitu si kosa. Ushanga wa kioo wenyewe ulitoka Ulaya, ukiletwa na wafanya biashara, na leo ni nani atakayeuita wa kigeni shingoni mwa bibi arusi? Bibi Nani Croze, mzaliwa wa Ujerumani, alikuwa mchoraji wa kuta kabla ya kufanya makao Kitengela, kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Huko alianzisha kazi ya kioo: chupa tupu na vigae vya madirisha, vitu vya kutupwa jalalani, vikageuka madirisha ya rangi, shanga na vyombo.

Kioo kilichoyeyuka tanuruni hakimngoji mtu. Fundi hukipuliza kwa pumzi yake, na bilauri hutoka kama ndugu wa tumbo moja: wanafanana, lakini mmoja mnene kidogo, mwingine ameinama shingo. Mnunuzi atakaye sita zilizo sawa kabisa, na aende akanunue za kiwandani.