Gesi Ikivuja, Asilipishwe Fundi



Kwa siku nyingi twapokea malalamiko ya namna moja kutoka kwa wanachama wanaotengeneza mitambo ya kutia baridi garini. Mwenye gari huja akisema baridi imekwisha. Tajiri humwambia fundi, "Jaza gesi, gari liondoke." Fundi hujaza. Baada ya wiki tatu gari limerudi, hewa ni ya moto kama kwanza, mteja agomba, na tajiri akata bei ya gesi katika mshahara wa fundi. Sisi twasema jambo hili si haki, na tena si ufundi.

Gesi ya mtambo huu hailiwi kama petroli. Huzunguka tu: kompresa huisukuma, kondensa huipoza, na ndani ya evaporeta hunyonya joto la gari, kisha hurudi. Gari dogo hubeba kiasi cha nusu kilo au zaidi kidogo. Kweli mipira hupitisha gesi kidogo kidogo kwa miaka, lakini wiki tatu si miaka. Pana tundu. Kujaza bila kulitafuta ni kutia maji katika ndoo iliyotoboka, na kumlipisha aliyeishika ndoo.

Kutafuta kwataka saa. Kwanza ni macho: mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo penye tundu mara nyingi pana unyevu wa mafuta ulioshika vumbi. Tazama viungo vya paipu, uso wa kondensa unaopigwa na mawe ya njiani, sili ya shafti ya kompresa, na zile vali ndogo za kujazia ambazo vifuniko vyake hupotea kila siku. Kisha povu la sabuni. Tundu dogo lataka rangi maalumu na taa yake, au chombo cha umeme kinacholia. Nacho kipitishwe chini ya kiungo, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa. Evaporeta imefichwa nyuma ya dashibodi, basi chombo kiwekwe penye mpira unaotoa maji. Pampu ya kunyonya hewa yaweza kuonyesha kwamba mtambo wavuja, lakini haisemi wapi. Mtambo ukiwa mtupu, hutiwa naitrojeni kwa regyuleta na geji ikatazamwa. Si oksijeni, ndugu! Oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa kwa nguvu hulipuka.

Wako wazee wenye ile taa ya moto inayogeuka kijani. Taa hiyo ilifaa kwa gesi ya R-12, iliyokuwa na klorini, nayo ilipigwa marufuku kwa mapatano ya Montreal ya mwaka 1987. Gesi ya R-134a iliyoshika nafasi yake katika miaka ya 1990 haina klorini, na moto wa taa hauonyeshi kitu. Ila gesi ikiungua hutoa asidi yenye sumu. R-1234yf ya magari mapya yaweza kushika moto yenyewe. Taa hiyo ikae kabatini.

Na hatari si ya moto peke yake. R-134a huchemka kwenye digrii 26 chini ya sifuri. Tone la gesi ya maji likiingia jichoni hugandisha jicho. Ikivuja nyingi hukaa ndani ya shimo la gareji na kumnyima hewa aliye humo. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, lakini tumeona mafundi wakifungua paipu kwa mikono mitupu na macho wazi.

Tena tusifichane. Wako wenzetu wanaopenda gari lirudi, kwa kuwa kila likirudi mteja hutoa bahashishi. Hao wanampa tajiri fimbo ya kutupigia sote. Na kilo moja ya R-134a ikitoka hutia joto duniani zaidi ya kilo 1,300 za hewa ya kaboni, joto hilohilo linalomleta mteja gareji.

Twataka mambo mawili. Kazi ya kutafuta tundu iandikwe katika bili kama kazi yenye saa zake, na chombo cha kutafutia kinunuliwe na gareji. Kuhusu kukatwa mshahara, sheria ya ajira ya mwaka 2007 yaruhusu mwajiri kukata kwa hasara ya mali yake aliyoileta mfanyakazi kwa kukusudia. Jiwe lililotoboa kondensa njiani halikurushwa na fundi.

Mwanachama aliyekatwa fedha kwa sababu ya gesi amletee katibu wa tawi lake hati ya malipo, pamoja na tarehe, namba ya gari, na jina la aliyeamuru gari lijazwe bila kupimwa.