Je, Maziwa Yote Yaende Deri?

Wakulima wenzangu, leo nataka kusema neno juu ya chakula kiliwacho nyumbani mwetu. Habari za chakula cha kuuza mnazijua kunishinda mimi, kwa hivyo hizo naziacha.

Ukimwuliza mkulima wa skimu ng'ombe wake anakula nini, atakujibu mara moja: nyasi za nepia asubuhi, majani makavu jioni, unga wa ng'ombe wakati wa kukamuliwa, na jiwe la chumvi la kulamba. Atakuambia hata lita alizopata jana. Lakini mwulize mtoto wake wa darasa la pili alikula nini jana. Atasema, "Mwulize mama yake." Mimi ni karani tu wa ofisi ya kilimo, na kazi yangu ni kuandika hesabu za watu wengine, lakini nilisomea ualimu kabla ya kushika kazi hii, na jambo hili lanisumbua sana.

Hakuna mfugaji asiyejua habari ya ndama. Ndama akinyimwa maziwa miezi ya kwanza ili keni ijae, atakua, ndiyo, lakini atakuwa mtamba wa tumbo kubwa na mgongo mwembamba, atachelewa kupandwa, na hata ukimlisha vizuri baadaye ni vigumu kurudisha alichokosa. Mtoto wa binadamu ni vivyo hivyo. Akikosa chakula bora katika miaka miwili ya kwanza huwa mfupi kwa umri wake, na mara nyingi upungufu huo hauishi. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya nzima mwaka 2022, watoto 18 kwa kila 100 walio chini ya miaka mitano walionekana wamedumaa hivyo. Mwaka 2014 walikuwa 26. Basi hali imepata nafuu, lakini ni mfugaji gani atakayefurahi akiwa na ndama 18 wabovu katika 100?

Kupima watu na chakula chao si jambo geni katika nchi hii. Mwaka 1931 mtaalamu mmoja wa Scotland, John Boyd Orr, pamoja na Dr. J. L. Gilks wa idara ya afya ya Kenya, walitoa ripoti yao juu ya Wakikuyu na Wamasai. Mwanamume wa Kimasai alimzidi wa Kikuyu kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito, yaani kama kilo 10. Mmasai alikula maziwa, nyama na damu. Mkikuyu alikula zaidi nafaka, viazi vitamu, ndizi na kunde za namna namna. Orr huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 1945.

Mtu akisoma ripoti hiyo haraka atasema, haya, tule kama Wamasai sote. Mimi sikubali. Watu hao walitofautiana kwa mambo mengi kuliko sufuria peke yake, na ripoti yenyewe ilionyesha kwamba Wamasai nao walikuwa na maradhi yao, kama vile ya viungo na ya kufunga choo. Inchi na ratili hazitoshi kutuambia nani anaishi vizuri.

Nauamini zaidi utafiti wa Embu, ulioanza mwaka 1998 katika shule 12, chini ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha California, Los Angeles. Watoto wa darasa la kwanza walipewa githeri shuleni. Shule nyingine zilitiliwa nyama ya kusaga, nyingine zikapewa githeri na kikombe cha maziwa, nyingine githeri iliyoongezwa mafuta, na nyingine hazikupewa kitu kwa wakati ule. Sasa sikilizeni. Vyakula vile vitatu vilisawazishwa kwa nguvu zinazotia mwilini, na watoto wote waliolishwa waliongeza uzito kuwashinda wale wasiopewa. Lakini wale wa nyama ndio waliojaza misuli ya mkono zaidi, wakaendelea zaidi katika mtihani wa akili, na hata uwanjani walionekana wachangamfu na wenye kuongoza michezo. Na katika watoto waliokuwa wafupi, wale wa maziwa walirefuka zaidi ya sentimita moja kupita wenzao wasiopewa kitu. Maana yake ni hii: tumbo laweza kujaa, mizani ikapanda, na mtoto bado akakosa.

Jambo hili linawahusu watu wazima pia, tena kwa upande wa pili. Uchunguzi ule wa 2022 ulionyesha kwamba wanawake 45 kwa kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi. Katika nyumba moja waweza kumkuta mtoto aliyedumaa na mama mzito, na wote wawili wanakula sufuria moja: ugali mwingi, chai ya sukari, mkate, mandazi yaliyokaangwa. Wengine husema unene ni dalili ya heshima na utajiri. Sitaki kumcheka mtu mnene, maana dharau haipunguzi hata ratili moja. Lakini heshima gani hiyo inayokuzuia kupanda kilima cha shamba lako mwenyewe?

Pimeni wenyewe. Chukua kilo zako, ugawanye kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa mita 1.60 mwenye kilo 77: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 77 kwa 2.56 ni 30. Ikipita 25 uzito umezidi. Ikifika 30 ni unene wa hatari. (Hesabu hii haijui kubagua misuli na mafuta, kwa hivyo kijana mbeba magunia asiogope.) Huko Marekani watu 3,234 waliokaribia kupata ugonjwa wa sukari waligawanywa mafungu. Lile fungu lililopangiwa kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kufanya mazoezi dakika 150 kwa juma, lilipunguza hatari ya ugonjwa huo kwa asilimia 58. Fungu la dawa lilipunguza asilimia 31. Matokeo yalitolewa mwaka 2002. Na utafiti mwingine wa huko, wa mwaka 2005, juu ya wazee wazito wenye magoti mabovu, ulionyesha kwamba kila ratili moja iliyopungua iliondoa mzigo wa ratili nne gotini kwa kila hatua. Mama yule akipunguza kilo 5, ni kama kutua mtungi wa maji wa lita 20 kila akanyagapo. Asiyeelewa maana ya hayo hajawahi kuchuma chai mteremkoni.

Sasa nirudi kwenye keni. Babu zetu walipopewa mashamba katika ule mpango wa Eka Milioni ulioanza mwaka 1962, wengi walipewa pamoja na deni, na maziwa yakawa ya kulipa deni. Naelewa desturi hiyo ilitoka wapi. Siku hizi mtu hupeleka maziwa yote deri, kisha hununua soda dukani. Chupa ndogo ya soda ina sukari karibu vijiko 8 vya chai.

Tena kuna jambo ambalo wanaume wenzangu hawatapenda. Siku ya malipo ya maziwa, nenda kwenye bucha sokoni uone ni akina nani wameketi mbele ya nyama choma. Ni baba. Watoto wako nyumbani na ugali na sukumawiki. Robo kilo ya nyama hiyo, ikikatwa vipande vidogo na kutiwa katika githeri ya nyumbani, yatosha kugusa kila sahani.

Mtaniuliza karo itatoka wapi. Swali ni la haki. Watoto wanne, robo lita kila mmoja, ni lita moja kwa siku, lita 30 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya deri yako, kisha andika kando sukari, soda, mkate na nyama ya sokoni ya mwezi uo huo, ulinganishe. Karo hulipiwa mtoto afunzwe, na nyinyi mmesikia habari ya Embu. Kwa maoni yangu lita hiyo ipimwe kwanza, kabla keni haijafungwa, na apimaye awe mama watoto. Nao wanakamati wa vyama vya ushirika, ambao hupenda kumsifu mkulima kwa lita alizoleta, katika mkutano mkuu ujao wamwulize pia alizobakiza.