Yubile Isiyorudisha Shamba

Mtuwie radhi tukianza na kipande cha fedha. Tarehe 6 Mei 1935 Uingereza iliadhimisha miaka 25 ya utawala wa Mfalme George wa Tano, na nishani zipatazo 85,000 zikatolewa kote katika himaya yake, makoloni yakiwemo. Zilichorwa nyuso za mfalme na Malkia Mary, zikatiwa utepe mwekundu, zikavaliwa kifuani.

Mwaka huohuo mwanamume Mwafrika wa Kenya naye alikuwa na chuma chake: kikebe cha kipande, kilichomning'inia shingoni tangu sheria yake ilipoanza kutekelezwa mwaka 1920. Nishani ilisema: huyu ametumikia. Kipande kilisema: huyu asitoroke. Vyuma viwili, bwana mmoja.

Wasomao Maandiko wanajua neno yubile lilikotoka. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 25, mwaka wa hamsini ni mwaka wa kuwaacha huru walio utumwani na wa kila mtu kuirudia milki yake. Nishani za Malkia Victoria zilipotolewa mwaka 1887, alipotimiza miaka 50, jina la yubile liliazimwa. Maana yake ikaachwa. Kwetu, sheria ya 1915 ilikuwa imeifanya ardhi ya Waafrika kuwa mali ya Ufalme, na yubile ya 1935 haikurudisha hata shamba moja.

Watasema wengine kwamba nishani za siku hizi ni za haki. Twakubali kwa kiasi. Mwaka 2022, Malkia Elizabeth wa Pili alipotimiza miaka 70, wazima moto na wahudumu wa ambulensi waliotumikia miaka mitano walitunukiwa. Hata hivyo, sura iliyochorwa ilikuwa ya aliyeketi, si ya aliyefanya kazi.

Nasi tusimcheke jirani. Mwaka 1988 jamhuri yetu ilijenga Mnara wa Nyayo jijini Nairobi kuadhimisha miaka kumi ya rais mmoja. Mwaka huohuo wapiga kura wakapangwa mlolongo. Taifa linaloadhimisha muda wa kukaa husahau kuuliza juu ya kazi iliyofanywa.

Ndiyo maana twaithamini ibara ya 142 ya Katiba ya 2010: mihula miwili, kisha kung'atuka. Kuilinda ndiyo nishani yetu. Na siku ardhi iliyonyakuliwa itakaporudi kwa wenyewe, hapo ndipo tutakapopiga baragumu.