Arubuni ya mtoto ambaye hajazaliwa
Ndugu zetu wanaoishi Marekani wanalijua hili: mimba ina miezi minne tu, mama tayari anahangaika kutafuta mlezi atakayemwangalia mtoto nyumbani kwake, na mlezi anataka arubuni ya kushikilia nafasi. Wengi wanalalamika kuwa ni unyonyaji. Mimi nasimama na mlezi, ila kwa masharti. Kule California, mwenye leseni ndogo ya kulea watoto nyumbani, akipokea wachanga watupu, haruhusiwi kuzidisha wanne. Akikuwekea nafasi moja mpaka ujifungue, robo ya kipato chake inalala, na kodi ya nyumba haingoji. Kitanda kipo, shuka limetandikwa, na kila mzazi anayepiga simu anaambiwa pamejaa. Hiyo ni hasara ya kweli. Lakini sheria ya shirikisho ya mwaka 1993 inatoa wiki 12 za likizo bila malipo, tena kwenye kampuni binafsi zenye wafanyakazi 50 au zaidi, na majimbo mengi hayaongezi kitu. Arubuni inamkuta mama akidunduliza kwa ajili ya wiki hizo hizo. Kwa hiyo ikatwe kwenye ada ya mwezi wa kwanza, na tarehe ya kuanza iandikwe. Mimba ikiharibika, mlezi arudishe pesa yote, bila kusubiri kuombwa. Kumdai mama aliyefiwa ni ukatili. Mzazi mwenzangu, usitoe hata dola moja kabla hayo hayajatiwa saini.